Barua Zote kwa Mkono Wangu

Kompyuta ya lango bado iko ukumbini kwetu, chini ya ngazi, na bado inawaka. Ndugu zangu wameacha kuniuliza kwa nini. Kwa wiki inapokea barua mbili tatu, na karibu zote ni za watu wasionijua wanaotaka kuniuzia vitu nisivyovihitaji. Kila Ijumaa naipangusa vumbi, natazama vitaa vyake vya kijani, najiambia kuwa leo ndiyo leo, naizima moja kwa moja. Kisha naenda zangu jikoni.

Mimi ni mzaliwa wa Mji Mkongwe na kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Watu huniita Bi Fundi. Mwanzo waliniita hivyo kwa kebehi, maana fundi waliyemzoea ana masharubu na bisibisi sikioni. Baadaye kebehi ikachoka, likabaki jina. Hasira zangu zi karibu, na nikishaamini kuwa nimepatia jambo sirudi nyuma hata nikivutwa kwa kamba. Nayasema haya mapema ili nisije nikaonekana nazungukazunguka.

Kisiwani kwetu kulikuwa na mitandao mitatu ya watu wa kupenda tu, watu wasiolipwa na yeyote. Wa kwanza ulikuwa wetu wa mjini: nyumba tisa zenye antena juu ya mapaa, kompyuta kuukuu zilizofufuliwa, na barua zikipita kutoka paa hadi paa bila kupitia kampuni yoyote. Wa pili ulikuwa wa Mbweni, kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya simu. Huyo alizipa nyumba za wenzake nambari, kama simu za zamani, na yeye mwenyewe akajipa nambari moja. Wa tatu ulikuwa wa Uroa, kwa Maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyependa redio tangu ujana wake. Yeye aliunganisha redio na kompyuta, akawa anasafirisha maandishi matupu, polepole, lakini yanafika mpaka mjini.

Kila mtandao ulikuwa na namna yake ya kuandika anwani. Sisi wa mjini tulitumia majina ya utani. Mzee wa Mbweni alitaka nambari. Kwa Maalim barua iliandikwa kama bahasha za wazee wetu: apewe fulani, kwa mkono wa Maalim. Wengi kijijini hawakuwa na kompyuta, na baadhi hawakujua kusoma, kwa hivyo ile "kwa mkono wa" haikuwa pambo. Maalim aliichapa barua, akaichukua mpaka mlangoni, na akitakiwa aliisoma.

Ndani ya mtandao wake kila mtu alikuwa anafikiwa. Nje ya hapo, hakuna. Mimi nikipeleka barua Uroa ilikuwa lazima nimwandikie Maalim kivyake, naye anakili upya kwa mkono. Na mtu wa ng'ambo hakuweza kumfikia yeyote kati yetu. Hilo lilinikera kuliko lilivyostahili. Nikaanza kushikilia kuwa mitandao yote mitatu iwe na anwani za namna moja: jina la mtu, kisha alama ya at, kisha mahali alipo, kisha mkia mmoja wa wote. Barua yoyote yenye mkia ule, itoke popote duniani, itafika kwanza kwenye kompyuta ya lango. Lango litafungua daftari lake, litatazama jina hili kwa Mbweni ni nambari ngapi, jina lile kwa Uroa liko kwa mkono wa nani, litabadilisha na kupeleka; na barua ya kwenda nje itapita hapo hapo.

Tulibishana mwaka na kitu. Mkutano mkubwa ulikuwa Mbweni, barazani kwa mzee, kwa chai ya mchaichai na mkate wa kumimina. Maalim alikubali kila kitu kabla sijamaliza kusema. Mzee alisubiri mpaka nikamaliza, akafuta miwani.

"Lango liwe kwako peke yako?" aliuliza.

"Liwe kwangu. Ndimi nnayelijua."

"Weka na la pili hapa kwangu. Lako likilala, langu liamke."

"Langu halilali, mzee wangu. Lina betri."

"Betri ni ya umeme," alisema. "Mimi sizungumzii umeme."

Nilidhani anataka nambari yake moja irudi kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia malango mawili yatagombana, daftari moja litasema hivi na la pili vile, na barua zitapotea katikati. Hilo lina ukweli wake, lakini dawa yake ipo na mimi nilikuwa naijua. Nilikataa kwa sababu nilichoka na miwani yake. Mzee alinitazama, akamimina chai nyingine, na jambo likapita.

Siku barua ya kwanza ilipotoka ng'ambo ikapita kwangu ikafika Uroa, mama yangu alikuwa amekaa ukumbini anachagua mchele. Nilimwambia, "Mama, imefika." Akauliza, "Nani?" Nikamweleza. Akasema alhamdulillahi, akaendelea na mchele wake. Nilifurahi kwa dhati siku ile, sikatai.

Uroa palikuwa na mama mmoja mkulima wa mwani. Mwanawe wa pekee alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo, safari za miezi na miezi, na meli yao haikuwaruhusu mabaharia simu wakiwa baharini. Waliruhusiwa barua fupi tu. Tena meli haikupokea barua ya kila mtu: kila baharia aliandikisha anwani moja ya nyumbani, na barua iliyotoka kwingine ilikataliwa huko huko. Yule kijana alikuwa ameandikisha anwani ya binamu yake aliyefanya kazi kwenye hoteli ya pwani. Binamu alikumbuka akikumbuka. Barua ilikaa wiki nzima kabla mama hajasomewa, na jibu vivyo hivyo. Lakini ilikuwa inafika.

Mimi ndiye niliyekwenda Uroa kumshawishi yule mama aiache ile njia. Nilimkuta kibarazani anafunga vipande vya mwani kwenye kamba. Mwembamba, vidole vimekakamaa kwa maji ya chumvi, na mkono mmoja kila mara ukienda ubavuni, mahali palipokuwa pakimuuma.

"Utapata anwani yako mwenyewe, Bi mkubwa," nilimwambia. "Yenye jina lako. Mwanao akiandika leo, Maalim anakusomea leo."

"Jina langu mimi?"

"Lako wewe."

Alicheka, akamtazama Maalim kuhakikisha kuwa simchezei. Jina lake halikuwa limepata kuandikwa popote ila kwenye kadi ya kliniki, alisema. Kijana akaifuta anwani ya hoteli, akaandikisha ya mama yake. Kwa miezi mitano barua zao zilikwenda na kurudi siku ileile, na Maalim aliniambia yule mama sasa anatengeneza nywele kabla ya kusomewa.

Maumivu ya ubavu yalizidi. Madaktari walimwambia maneno aliyoyaelewa kwa jinsi walivyoyasema zaidi kuliko kwa maana yake. Alikuwa hataki mwanawe aambiwe, kisha akataka. Maalim aliandika. Kijana akajibu siku ya Alkhamisi, na jibu lake nimelisoma mara nyingi tangu hapo. Alisema mkataba wake unakwisha wakifika bandarini, na kabla hawajafika nahodha atapeleka orodha ya wanaoshuka na wanaobaki kwa miezi tisa mingine. Kazi ni ngumu kuipata, alisema, na akishuka huenda asiitwe tena. "Mama, wewe ndiye wa kusema. Ukiniambia nije, nnakuja. Usiponiambia, ntajua unataka nibaki." Hakutaja siku ya orodha. Labda hata yeye hakuijua bado.

Maalim alimsomea Ijumaa baada ya Sala. Mama alisema anataka kulifikiria jambo lile. Alilifikiria siku mbili, na Jumapili asubuhi akamwita Maalim, akamwambia aandike neno moja: njoo. Maalim alimwuliza kama hataki kuongeza salamu. Akasema salamu atampa akifika.

Jumamosi, siku moja kabla ya hapo, mama yangu mimi alifariki. Alifariki baada ya alfajiri, kitandani kwake, na laasiri alikuwa ameshazikwa.

Anayejua matanga ya kwetu anajua kuwa nyumba hutolewa kila kitu. Viti vilipelekwa kwa jirani, mikeka ikatandikwa ukumbini, wanawake wakakaa. Televisheni ilizimwa, redio ikazimwa. Na chini ya ngazi kulikuwa na dude linavuma na vitaa vyake vinakonyeza. Shangazi yangu aliona ni aibu kitu kukonyeza penye maiti. Alichomoa waya wa ukutani, kitu kikaendelea kuvuma kwa betri, akachomoa na wa betri. Kisha akakifunika kanga.

Niliona. Wengine wameniambia kwamba katika hali ile nisingeweza kuona, wananipa njia ya kutokea, lakini niliona. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Siku ya pili niliegemea ile kanga na kompyuta iko ndani yake, baridi, na nilichohisi ni nafuu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka hapakuwa na kinachonivumia. Niliwaza, nani ataniandikia sasa hivi? Sikukumbuka kuwa barua si zangu.

Matanga yalianuliwa siku ya tatu kwa khitma, lakini shangazi zangu walibaki, na mimi sikuwa na hamu ya kitu. Nilikuwa nakwenda chumbani kwa mama, nakunja nguo zake, nazikunjua, nazikunja tena.

Watu wote wa mitandao yetu walijua kuwa lango limezimwa. Nyumba tisa za mjini zilijua siku ileile. Hakuna aliyenipigia simu. Mwenye msiba hapigiwi simu kuulizwa kompyuta, huo ndio ustaarabu wetu, na mimi ningekuwa wa kwanza kumsema ambaye angethubutu. Maalim alijaribu kupeleka neno la yule mama kutoka kwenye simu yake mwenyewe, meli ikalikataa kwa sababu haikuijua anwani ile. Akampigia mzee wa Mbweni kumtaka ushauri. Mzee alimwambia, "Mwache binti wa watu amalize msiba wake." Barua ya yule mama ikabaki kwenye kompyuta ya Uroa inajaribu kupita, inashindwa, inajaribu tena. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipangia kuwa isiyopita kwa siku tano irudishwe kwa aliyeipeleka. Ijumaa ikarudi kwa Maalim.

Jumamosi, siku ya nane tangu mama yangu kufa, Maalim alikuja kunihani, kunipa pole ya msiba, pamoja na mkewe. Mkewe alikuwa mgonjwa wiki nzima, ndiyo maana wamechelewa, na aliomba radhi kwa hilo mara tatu. Walifika baada ya adhuhuri. Viti vilikuwa vimesharudi, tukakaa ukumbini, mkewe pembeni yangu, Maalim mkabala na ngazi. Macho yake yalikuwa yameelekea ile kanga.

"Mungu amrehemu," alisema. "Alikuwa mama wa wengi."

"Amin, Maalim."

"Na wewe akupe subira."

Alisoma dua ndefu, kwa sauti nzuri, mpaka shangazi akalia upya. Nilimletea kahawa. Aliinywa kidogo kidogo, na nakumbuka mkono wake wa kulia ulikuwa ukigusa mfuko wa kanzu kisha unarudi kwenye kikombe. Nilidhani ni tasbihi. Niliuliza habari za Uroa.

"Uroa wazima," alisema. "Wote wanakupa pole."

Ilipoadhiniwa laasiri waliaga. Alisimama mlangoni kidogo, akatazama tena chini ya ngazi, akasema, "Ukipata nafasi, Bi Fundi. Si haraka." Nikasema inshallah. Sikuuliza nafasi ya nini. Akavaa makubadhi yake akaenda msikitini, na mkewe akamsubiri kwa jirani.

Kesho yake asubuhi shangazi walirudi kwao. Nilikunja kanga, nikachomeka waya. Vitaa vilipowaka, barua za wiki nzima ziliingia kama watu waliokuwa wamefungiwa nje, na mchana, Maalim alipoona nimerudi hewani, ile ya Uroa ikapita tena, neno lake moja. Niliiona ikipita wala sikujua ina nini. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Jibu la kijana lilikuja usiku uleule. "Mama, nimeipata barua yako leo. Orodha imeshakwenda na nimeandikwa wa kubaki. Nimemwomba nahodha, amesema haiwezekani tena. Nisamehe. Miezi tisa si mingi." Maalim alimsomea. Aliniambia kuwa yule mama aliuliza miezi tisa inaangukia baada ya mfungo au kabla. Baada, Maalim akamwambia. Akasema, basi.

Hakufika mfungo. Alifariki mwezi wa sita tangu siku ile, na katika miezi hiyo barua zilikwenda na kurudi bila kukwama hata mara moja. Lango halikulala hata dakika. Sijui nilikuwa namridhisha nani.

Nilikwenda Uroa kwenye khitma yake. Baada ya watu kutawanyika, Maalim aliniita pembeni, akatoa kwenye mfuko wa kanzu karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Ilikuwa ile barua iliyorudi, aliyoichapa Ijumaa ile.

"Siku nlokuja kukuhani nlikuwa nayo," alisema. "Nlikuja nayo makusudi. Nlipokuona ulivyokaa, nkaona mimi mtu wa namna gani, kumtolea mfiwa karatasi."

"Ungenitolea," nilisema.

"Najua."

Nilitaka kumkasirikia. Hasira zangu zote ninazojulikana nazo, na siku ile niliyozihitaji hata moja sikuipata. Ningemwambia nini? Angeitoa, ningeichukua, na moyoni ningemwona hana adabu mpaka leo.

Mwezi uliofuata nilikwenda Mbweni. Nilimwomba mzee aweke lango la pili kwake. Alisogeza vitabu mezani akafanya nafasi, na tulilifunga siku ile ile. Halikupata kazi kubwa. Nyumba za mjini zilikuwa zinatoka moja moja, huyu amehama, huyu paa limeuzwa kwa hoteli, huyu anasema kwa nini ahangaike na kila kitu kiko kwenye simu. Mzee sasa macho hayaoni vizuri, na Maalim redio yake ililiwa na kutu, hakutafuta nyingine. Anwani bado zipo zote kwenye daftari, zimepangika, zina mkia mmoja kama nilivyotaka.

Kijana alikuja kwangu baada ya mfungo. Nilimjua kabla hajajitambulisha, ana kidevu cha mama yake. Alisimama mlangoni na mfuko wa halua mkononi.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Aliketi kwenye kiti kilekile alichokalia Maalim. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila atakaloniuliza, nina wiki nzima napanga maneno. Akaweka halua mezani, akainua mikono.

"Nimekuja kukuhani," alisema. "Nlisikia ulifiwa na mama, nami sikupata kukupa mkono."

Aliomba dua ya mama yangu kwanza. Nami nikamwombea mama yake, kompyuta ikivuma chini ya ngazi. Akaitazama.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Ndogo," alisema. Hakuwa na kinyongo, nami ningependa angekuwa nacho. Akasema anataka kuniomba jambo: nisiifute anwani ya mama yake, iwepo tu. Nikamwambia haifutwi. Kisha akaanza kunisimulia meli yao, namna nahodha alivyokuwa mtu mwema, namna alivyotaka kuipeleka ile orodha tangu Jumatano.

"Nlimwambia nahodha, mama yangu hajapata kukaa kimya na mimi, lazima atajibu. Akanisikiliza. Akanipa mpaka Jumamosi." Aligeuza kikombe kwenye kisahani. "Saa za huku kwetu, ilikuwa laasiri."

Nilimwongezea kahawa. Hakuniuliza lolote, nami sikumwambia.